Karatasi ya Mshika Bendera

Kwa siku nane mfululizo Mzee Abdullahi Warsame aliuzunguka mji wa Eldoret akiomba radhi. Alimwomba muuza nyama, akamwomba kinyozi, akawaomba majirani wa kushoto na wa kulia, na wazee wenzake wa safu ya mbele msikitini. Wote aliwaambia maneno yale yale: "Alhamisi naondoka kwenda Umra, inshallah. Kama nilikukosea kwa kujua au kwa kutojua, nisamehe." Nao wote walimsamehe kwa wepesi, maana hapakuwa na hata mmoja aliyekumbuka kosa lolote. Muuza nyama alicheka akasema, "Mzee, mimi ndiye niombe radhi. Ile nyama ya Idi niliyokupimia ilikuwa mifupa mitupu."

Lakini radhi hizo nyepesi hazikumpa raha. Kila alipokuwa akirejea nyumbani, magoti yalimuuma kuliko alipotoka, na usingizi wa mchana, uliokuwa rafiki yake wa uzeeni, ulimkimbia. Alijua sababu. Mwenye radhi ile aliyoihitaji alikuwa akiishi Langas, mwendo mfupi kwa bodaboda, na Abdullahi alikuwa amezunguka mji mzima ila upande ule.

Jumanne, baada ya sala ya adhuhuri, alikuwa ameketi nyuma ya kaunta katika duka la bintiye, Idil, linalouza misumari, rangi na mabomba. Akaingia msichana mrefu mwenye mkoba mgongoni na daftari mkononi.

"Habari ya mchana, Mama," alimsalimu Idil. "Namtafuta Nyapara Abdullahi."

Idil aliacha kupima waya. "Nyapara? Nyapara wa wapi?" Akamgeukia baba yake. "Aabo, wewe ulikuwa nyapara?"

"Nilikuwa," alijibu mzee, na sauti yake mwenyewe ikamshtua. Lilikuwa jina la kazi ambalo hakuna aliyemwita kwalo tangu alipovua kofia ya reli.

Msichana alijieleza kwa adabu. Jina lake Lorraine, mwanafunzi wa chuo kikuu, anakusanya maneno ambayo wafanyakazi wa zamani wa reli walikuwa wakisema baina yao, kabla wenyewe hawajaisha. Alikwishajaza kurasa kumi na moja. "Karibu yote nimepewa na babu yangu," alisema. "Mzee Wepukhulu. Alisema mlikuwa gangi moja ya kutengeneza njia."

Abdullahi aliitafuta tasbihi mfukoni, akaishika bila kuhesabu. "Tulikuwa gangi moja," alisema. "Haya, soma nisikie."

Lorraine akasoma. *Kulisha taruma*, ni kushindilia kokoto chini ya taruma, gogo linalobeba reli, hadi ishibe isitikisike. *Nyoka*, ni reli iliyopinda kwa jua. *Harusi*, ni kazi ya kuinua reli nzima, kwa sababu watu wote huitwa na wimbo huimbwa. *Chai ya gadi*, ni treni iliyochelewa pasipo sababu.

"Mama mkwe je, unaye?" aliuliza mzee.

"Ninaye! Ni mkaguzi. Lakini babu hakunieleza kwa nini."

"Kwa sababu akipita kila mtu anainamisha kichwa na anakuwa na heshima ambayo hana siku nyingine."

Idil alicheka hadi mteja mmoja akageuka. Mzee naye akatabasamu. Kwa muda mfupi alikuwa tena kwenye mteremko wa kuelekea Turbo, watu kumi na wawili, sururu za kokoto zikipanda na kushuka, moshi wa chai ukipaa kando ya njia. Akarekebisha neno hili, akaongeza lile. Akaeleza *tumbo wazi*, kwamba ni njia ambayo reli yake imefunguliwa, na kwamba njia ikiwa tumbo wazi mtu mmoja hutumwa mbali na bendera nyekundu, akafunge fataki tatu juu ya reli, ili treni ikizikanyaga zilipuke na dereva asimame. Mtu huyo ndiye mshika bendera. Haondoki hapo kwa mvua wala kwa njaa, mpaka aambiwe.

"Ehe," alisema Lorraine, akigeuza ukurasa. "Na sasa kuna hili. Babu alinipa neno akakataa kunipa maana. Amesema maana yake iko kwa Nyapara Abdullahi peke yake." Akamgeuzia daftari. Palikuwa na maneno mawili, na mbele yake mstari mtupu.

*Nyundo imefika.*

Mzee aliyatazama. Nje pikipiki zilipiga honi, mtu akauliza bei ya nondo, Idil akamjibu.

"Hilo," alisema Abdullahi, "silikumbuki."

Msichana hakushangaa hata kidogo. "Babu alisema utasema umesahau. Akaniambia nisibishane na mzee, niache tu mstari wazi." Akafunga daftari, akashukuru, akaaga kwa heshima ile ile aliyoingia nayo.

Abdullahi alibaki amekaa. Alikuwa na udhu bado, ametoka msikitini si muda, na safari ya nyumba ya Mola wake ilikuwa kesho kutwa. Naye amesema uongo mbele ya binti yake na mbele ya mtoto wa watu. Akajiuliza atasimama vipi mbele ya Al-Kaaba kuomba, ilhali amebeba haki ya mja mwingine kwapani. Tangu utotoni chuoni alifunzwa, na watu wengi amewafunza yeye mwenyewe, kwamba Mungu husamehe haki yake, lakini haki ya mja hukaa na mja mpaka aiachilie.

Hivi ndivyo ilivyokuwa.

Kanuni ya reli ilisema kwamba mshika bendera asiondoe bendera yake ila kwa karatasi, iliyoandikwa na nyapara kwa mkono wake na kutiwa sahihi. Lakini karatasi zilirowa, kalamu zilipotea, na nusu ya gangi haikujua kusoma. Basi gangi yao, gangi ya saba, ilijitungia desturi yake. Nyapara alikuwa na nyundo ndogo ya kugongea vifungo, yenye alama ya mwezi mwandamo aliyoichoma mwenyewe kwenye mpini. Hapakuwa na mtu mwingine aliyeruhusiwa kuishika. Njia ikishafungwa, nyapara alimpa mtu nyundo hiyo aipeleke kwa mshika bendera. Mshika bendera akiiona ile alama, alifungua fataki, akakunja bendera, treni ikapita. Hiyo ndiyo nyundo imefika. Mara mia ilifika, na mara mia treni ilipita salama. Wakubwa hawakuijua desturi hiyo, wala gangi haikuwa na haja ya kuwaambia.

Siku ile ilikuwa Ramadhani, kumi la mwisho. Tangu alfajiri walikuwa wakibadilisha reli iliyochakaa, na Wepukhulu ndiye aliyekuwa mbali na bendera. Wingu jeusi lilikuwa limeinuka juu ya Turbo. Treni ya mizigo ilisikika ikipiga king'ora huko nyuma ya kona, imesimama, inangoja. Mwezi ule mama mkwe alikuwa amekwisha kumwandika Abdullahi mara moja kwa kuchelewesha treni. Zilibaki boliti mbili. Abdullahi alikadiria kama manyapara wote wanavyokadiria: mtu wa kupeleka nyundo hutembea robo saa, treni hujikokota dakika tano, na boliti mbili si kazi ya dakika kumi. Akamwita Ayub, mtu mzima mwenye miguu myepesi, akampa nyundo. "Peleka."

Boliti ya kwanza iliingia. Ya pili ilikwama, uzi wake umelika. Wakaipaka mafuta, wakaitoa, wakatafuta nyingine sandukuni, mvua ikaanza, mikono ikateleza. Waliposikia treni imeanza kuja, Abdullahi alikimbia katikati ya njia akipunga kofia, naye dereva katika mvua ile hakumwona mpaka alipokuwa karibu. Reli ilifunguka. Kichwa cha treni kililala ubavuni na mabehewa mawili ya mbolea yakakifuata. Hakuna aliyekufa, alhamdulillahi. Msaidizi wa dereva alivunjika mguu, na hadi alipostaafu alichechemea.

Kikao cha uchunguzi kilipokaa, mkubwa mmoja mwenye miwani alimwuliza: "Nyapara, ulimpelekea mshika bendera karatasi ya kuondoa bendera?"

"Hapana, bwana," alijibu Abdullahi.

Akaulizwa Ayub: "Ulibeba karatasi kutoka kwa nyapara?"

"Hapana, bwana."

Yote mawili yalikuwa kweli tupu. Wepukhulu aliposimama alisema kwa sauti kubwa, "Nyundo ilifika! Mimi niliondoa bendera kwa sababu nyundo ilifika!" Karani akauliza, "Nyundo gani?" Watu chumbani wakacheka, na karani hakuandika kitu. Abdullahi aliitazama meza. Mwenye miwani akahitimisha kwamba mshika bendera alichoka, akaondoa bendera apendavyo ili awahi nyumbani. Wepukhulu alifukuzwa kazi, akapewa siku saba ahame nyumba ya reli na mke wake na watoto watatu.

Miaka thelathini na sita Abdullahi alijificha ndani ya lile hapana lake la kweli. Alijiambia alikuwa na saumu, kichwa kimechoka. Lakini saumu haikumtuma Ayub. Alijiambia atasema Ayub akisema. Ayub akafa bila kusema. Alijiambia Wepukhulu ameshasahau. Na leo Wepukhulu amemtumia mstari mtupu.

Jumatano asubuhi alifungua sanduku la bati chini ya kitanda, akaitoa nyundo. Mpini ulikuwa umekauka, alama ya mwezi bado inasomeka. Akaifunga ndani ya kikoi, akamwambia Idil anakwenda kuomba radhi ya mwisho.

"Aabo, jana ulisema umemaliza."

"Nilisema uongo," alijibu, akatoka.

Nyumba ya Wepukhulu ilikuwa ya mbao, mabati yake yameshika kutu, karibu na mahali barabara ya lami inapokatika. Selpha, mke wake, alikuwa mlangoni akichambua mrenda katika ungo. Alimtazama mgeni akishuka kwenye pikipiki kwa taabu, mguu mmoja kisha mwingine.

"Karibu," alisema Selpha, pasipo kuinuka. "Hata kama wewe ni mtu wa kuvuka barabara ukiniona sokoni."

"Ni kweli, Mama. Nimekuwa nikivuka."

Wepukhulu alilala sebuleni, kitanda kimesogezwa karibu na dirisha apate hewa. Miguu yake ilikuwa imevimba ikang'aa, na kila pumzi aliipanda kama mtu anayepanda kilima cha Timboroa na mzigo. Lorraine alikaa kwenye kigoda pembeni yake. Mgonjwa alimtazama Abdullahi muda mrefu.

"Nyapara," alisema. "Umezeeka vibaya."

"Na wewe hukubaki nyuma."

"Mimi nilianza mapema. Nilisukuma mkokoteni miaka kumi na nne." Akavuta pumzi. "Keti. Huyu mtoto alisema umesahau neno."

Abdullahi hakuketi. Alifungua kikoi, akaitoa nyundo, akaishika kwa mikono miwili kama ilivyokuwa ikishikwa zamani ikitolewa kwa mtu. Njiani alikuwa ameyapanga maneno yake vizuri, na alidhani akiiweka tu nyundo ile mkononi mwa Wepukhulu, mengine yataeleweka.

"Nimeileta mwenyewe," alisema.

Wepukhulu hakunyoosha mkono. "Weka chini hiyo chuma."

"Wepukhulu, nataka..."

"Weka chini. Nyundo yako ilinifukuzisha kazi. Sasa tena unaniletea nyundo? Hii miaka yote nilikuwa nangoja nyundo?" Alikohoa, Lorraine akamwinua mgongo, akamlaza tena. "Mimi nataka karatasi."

Selpha alikuwa amesimama mlangoni, ungo mkononi.

"Karatasi gani, babu?" aliuliza Lorraine.

"Yeye anajua. Ile walimwuliza kama aliniletea. Alisema hapana. Basi ailete. Mpe daftari."

Hapo ndipo Abdullahi alipoketi. Lorraine alichana ukurasa, akampa na kalamu. Alikuwa mtu wa hati nzuri tangu chuoni, na hata sasa, katika uchovu ule, alinyoosha herufi.

"Nitie tarehe gani?" aliuliza. "Ya leo, au ya siku ile?"

"Tia zote mbili."

Akaandika, na alipomaliza akataka kumpa Wepukhulu. Mgonjwa alitikisa kichwa. "Mpe huyo mama. Asome kwa sauti. Mimi najua kilichoandikwa, nilikuwa pale."

Selpha aliweka ungo chini, akajifuta mikono kwa leso, akaisogeza karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Alisoma polepole, neno baada ya neno: "Mimi Abdullahi Warsame, nyapara wa gangi ya saba, nilimtuma Ayub apeleke nyundo yangu kwa mshika bendera Wepukhulu, kabla njia haijafungwa. Nyundo hiyo ndiyo iliyokuwa amri yetu ya kuondoa bendera. Wepukhulu alitii amri. Hakulala, hakulewa, hakuondoka mahali pake. Kosa ni langu. Nilipoulizwa, nilinyamazia nyundo."

Alipofika mwisho alirudi juu, akasoma tena kimoyomoyo, midomo ikicheza.

"Kwa hivyo ile nyundo ilikuwa ya kweli," alisema.

"Ilikuwa ya kweli, Mama."

"Mimi nilimwambia hakuna mtu anatumiwa nyundo. Ndugu zangu walikuja hapa wakasema alikunywa busaa akalala. Mimi nikaamini ndugu zangu." Alikuwa akisema na karatasi, hasemi na mtu. "Kila tukigombana nilimtupia hiyo. Mlevi wa reli. Mbele ya watoto." Kisha akamgeukia Abdullahi, na sauti ikapanda. "Na wewe ulikuwa hapo tu town! Unaswali, unanunua nyama, unavuka barabara!"

"Nilikuwa hapo."

"Maneno haya yote ni dakika ngapi kuandika? Umetumia dakika ngapi sasa hivi?"

Abdullahi aliiweka kalamu chini. Alikuwa amejiandaa kwa hasira ya Wepukhulu, si kwa swali lile. Wepukhulu akainua vidole viwili kutoka kwenye blanketi. "Basi, Selpha. Basi, mama. Amesema." Akanyoosha mkono, akapewa karatasi. Aliikunja mara nne, ndogo kama ya mfuko wa shati la kazi, akaiingiza chini ya mto. Kisha akafumba macho.

Abdullahi aliinama karibu. "Wepukhulu. Kesho nasafiri. Nimekuja kukuomba uniachie haki yako."

Pumzi ilipanda kilima, ikashuka, ikapanda.

"Amelala," alinong'ona Lorraine. "Siku hizi analala hivyo, katikati ya maneno. Mzee, unaweza kwenda tu, nitamwambia."

"Hapana," alisema Abdullahi. "Nitangoja."

Akangoja. Selpha alirudi kwenye mrenda wake mlangoni, amewapa mgongo, na mabega yake yalitikisika kidogo kisha yakatulia. Saa sita ikapita. Idil alipiga simu mara mbili kuuliza kama begi lifungwe. Akamjibu lifungwe, halafu akaizima simu. Adhana ilipoadhiniwa mbali, aliomba maji. Selpha alimletea birika, akafagia pembe moja ya sakafu, akatandika leso yake aliyojifutia, na nyingine safi juu yake. Abdullahi aliswali hapo, magoti yakilia, na katika sijida ya mwisho alikawia hata Lorraine akaogopa kwamba naye amelala. Kisha akarudi kwenye kiti chake, akakaa wima, mikono magotini.

Lorraine alifungua daftari kwa upole. "Mzee, ule mstari."

"Andika," alisema. "Nyundo imefika: njia imefungwa, treni ipite, kwa ahadi ya nyapara." Akafikiri. "Andika na hili pia. Mara moja ilifika mapema."

Kalamu ilikwaruza. Kutoka kitandani sauti ikasema, "Siku gani?"

Wepukhulu alikuwa amefumbua macho.

"Andika ilikuwa siku gani. Mtu akisoma ajue ni mara moja tu. Tulikuwa gangi nzuri." Akamwona mgeni kitini, akakunja uso. "Nyapara. Bado upo?"

"Nipo."

"Nyapara huwa hangoji mtu."

"Mshika bendera alingoja nje kutwa nzima. Mimi nimengoja ndani ya nyumba, kwenye kiti."

Wepukhulu alitoa sauti iliyokuwa kicheko zamani. Kisha alisema polepole, akipumzika baada ya kila maneno mawili matatu. "Ile siku nilijua umetuma mapema. Ayub alipofika jasho lilikuwa bado jembamba, si la mtu aliyekaza boliti. Nilisema, huyu ametoka kabla kazi haijaisha, reli haiwezi kuwa imefungwa. Lakini niliona ile alama. Nikasema, nyapara hawezi." Akapumua. "Hapo ndipo paliniuma. Kazi nilipata nyingine."

Machozi yalimtoka Abdullahi, akayaacha yashuke ndevuni.

"Nimekuachia," alisema Wepukhulu. "Nenda kwa Mungu wako. Sijasahau, lakini nimekuachia. Ukifika huko umwambie pia kuhusu hii miguu."

"Nitamwambia kwa jina lako."

"Na hiyo nyundo uende nayo. Sitaki kuiona hapa."

Selpha alimsindikiza hadi pikipiki. Hakumpa mkono, ila alisema, "Ukirudi uje. Atakuwa anakungoja, hata akisema hakungoji." Abdullahi alipandisha mguu mmoja kisha mwingine, nyundo ikiwa mapajani ndani ya kikoi, nzito kuliko ilivyokuja. Mpini ulitokeza.

"Mzee, unaenda kugonga nini na hiyo?" aliuliza kijana wa bodaboda.

"Hakuna," alijibu. "Twende polepole."